Namna ya Kumshawishi Mwenye Duka Awazawadie Wateja Wanaokuja kwa Baiskeli

Mwenye duka hatoi zawadi kwa sababu anapenda baiskeli, anatoa kwa sababu ameona mteja atarudi. Ukimwendea na hotuba ya hewa safi na afya ya moyo, atakuitikia kwa adabu, pengine atakukaribisha soda, na habari itaishia hapo. Ukimwendea na hesabu ya wateja wake mwenyewe na mpango ambao gharama yake inajulikana hadi shilingi ya mwisho, atavuta kiti.

Maelezo haya yamelenga kikundi kidogo, watu watatu hadi kumi, katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza au mji mwingine wa Tanzania. Viwango vya fedha ni vya kukokotolea tu, kwa hiyo weka vya mtaani kwako.

Wazo lenyewe si geni. Marekani kuna mpango uitwao Bicycle Benefits: mwendesha baiskeli ananunua kibandiko kwa dola 5, anakibandika kwenye kofia ngumu, kisha anaionyesha kofia dukani na kupata punguzo. Ukiuhamishia hapa kama ulivyo hautasimama. Mama anayefuata unga kwa baiskeli ya Phoenix hana kofia ngumu, wala kijana anayepeleka maziwa. Zawadi zote zingeishia kwa wale wa Jumamosi asubuhi wenye baiskeli za mashindano, nao ndio wanaonunua kidogo kuliko wote, chupa ya maji na ndizi basi. Hapa tunahitaji ushahidi wa aina nyingine, na tutaufikia.

Duka gani

Anza na duka moja, mawili yakizidi. Duka zuri la kuanzia lina mambo matatu: watu hurudi kila siku mbili tatu, mwenyewe anakaa dukani, na mbele yake kuna nafasi ya mita tatu. Maduka ya vyakula ya mtaani, yale tunayoyaita kwa Mangi, yanaongoza. Bucha, mgahawa, genge kubwa na kinyozi hufuata. Supamaketi yenye matawi iache kwanza, kwa kuwa meneja wa tawi hana mamlaka ya kupunguza bei na barua yako itazunguka makao makuu kwa miezi. Irudie ukishakuwa na matokeo ya duka dogo la jirani yake.

Duka la dawa linafaa kwa sabuni, mafuta na nepi. Dawa zenyewe zisipigiwe muhuri, maana hakuna anayepaswa kununua dawa ili ajaze kadi. Na baa isitoe bia kwa mtu atakayerudi nyumbani akipiga pedali gizani, impe supu.

Hesabu kabla ya maneno

Kazi hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Omba ruhusa ya kusimama mlangoni siku tatu: siku ya kazi katikati ya mwezi, Jumamosi moja, na siku moja baada ya mishahara kutoka. Simama saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni. Gawa karatasi katika safu sita: miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala, gari. Kila mteja anayeingia mchoree mstari, na kila mteja wa tano muulize maswali mawili tu: unanunua hapa mara ngapi kwa wiki, na leo umetumia kiasi gani? Maswali yakizidi mawili watu wanaanza kukukwepa. Usihesabu mwisho wa mwezi peke yake, maana siku hizo magari huongezeka na picha inapinda.

Kabla hujaanza, mwombe mwenye duka akisie: katika wateja kumi, wangapi huja kwa gari? Kiandike kisio mbele yake. Wenye maduka wengi hukisia magari mengi kuliko yalivyo, kwa sababu mteja wa gari ndiye anayeonekana, anayepiga honi na kuziba njia. Huko Bristol, Uingereza, shirika la Sustrans liliuliza swali hilihili mwaka 2006: wenye maduka walikisia asilimia 41 ya wateja wao wanakuja kwa gari, lakini wateja wenyewe walipoulizwa ilikuwa asilimia 22. Usimsomee yeye takwimu za Bristol. Msomee za kwake.

Jambo moja uwe mkweli nalo. Utafiti wa Kelly Clifton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, ulionyesha kwamba mteja wa baiskeli hutumia kidogo kwa safari moja lakini hurudi mara nyingi, hata kwa mwezi akampita mwenye gari katika migahawa, baa na maduka madogo. Kwenye supamaketi ilikuwa kinyume, mwenye gari alitumia zaidi. Kwa hiyo usiahidi manunuzi makubwa. Ahidi kurudi, na uchague zawadi inayolipa kurudi.

Zawadi isiyomla mwenye duka

Kosa la kwanza ni kuomba punguzo la asilimia. Duka la vyakula lina faida nyembamba, na kwenye sukari na unga ni nyembamba zaidi. Tuseme faida ni asilimia 10. Punguzo la asilimia 5 linachukua nusu ya faida hiyo. Kisha kuna chenji: asilimia 5 ya shilingi 1,500 ni shilingi 75, na sarafu ya kumrudishia mtu 75 hakuna. Keshia atakasirika siku ya kwanza, siku ya pili atajifanya hajui mpango wowote.

Kadi ya mihuri ni bora. Mteja akinunua kuanzia shilingi 5,000 anapigiwa muhuri mmoja, akifikisha mihuri 10 anapata bidhaa moja. Manunuzi kumi ni shilingi 50,000, faida ni 5,000. Zawadi iwe kitu ambacho duka linakinunua kwa 1,200 na kukiuza 1,500. Mteja anaona amepata cha 1,500, mwenye duka ametoa 1,200 na kubaki na 3,800. Mgahawani hesabu ni tamu zaidi, kwa sababu kikombe cha chai au glasi ya juisi humgharimu mwenyewe sehemu ndogo ya bei.

Kwa mtaa ambao watu hununua kwa kupima, kiwango cha 5,000 kitawafungia nje walewale unaowataka. Kishushe kiwe 2,000 na zawadi ishuke kwa uwiano uleule: manunuzi 20,000, faida 2,000, zawadi isizidi gharama ya shilingi 500.

Kadi ijae ndani ya wiki sita. Mtu anayenunua mara mbili kwa wiki atamaliza mihuri kumi kwa wiki tano, na hapo ni sawa. Ukiweka mihuri ishirini, kadi zitaishia mifukoni na kufuliwa. Kuna mbinu isiyogharimu kitu: chapisha nafasi 12 na umpe mteja kadi ambayo mbili zimeshapigwa. Bado anatakiwa kununua mara kumi, ila hahisi anaanza sifuri. Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la namna hii mwaka 2006: kadi ya nafasi 8 tupu ilikamilishwa na asilimia 19 ya wateja, na ya nafasi 10 zenye mihuri miwili tayari ilikamilishwa na asilimia 34. Jaribio lilifanywa kwenye sehemu ya kuoshea magari, lakini tulichukue tu.

Wekeni masharti matatu na yasizidi: muhuri mmoja kwa siku, kadi inaisha baada ya miezi mitatu, na wanaosafirisha mizigo ya duka lenyewe hawahusiki. Sharti la tatu likiachwa, kijana wa kupeleka bidhaa atapigiwa muhuri kila siku ya kazi.

Duka lenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, likiamua kupunguza bei badala ya kutoa kitu, punguzo liingizwe kwenye mashine kabla risiti haijatoka. Vinginevyo risiti itaonyesha fedha ambazo hazikuingia.

Ushahidi kwamba umekuja kwa baiskeli

Kwenye duka dogo ushahidi ni macho. Mwenyewe anaiona baiskeli mlangoni, anafungua daftari. Kwa duka la namna hiyo hata kadi haihitajiki. Tenga daftari la kaunta, kila mteja na ukurasa wake, kama la madeni. Halipotei, halilowi jasho, na halina rafiki wa keshia wa kujipigia mihuri nyumbani.

Duka kubwa, ambalo keshia haoni nje, linataka vibati. Tengenezeni jozi 20 zenye namba 1 hadi 20, duara la sentimita tano, kwa bati au plastiki ngumu ya dumu la zamani, namba ikichomwa kwa msumari wa moto. Mlinzi anatundika kibati kimoja kwenye usukani wa baiskeli na kumpa mteja cha pili. Mteja anakionyesha kaunta, anapigiwa muhuri, na akitoka anakirudisha kwa mlinzi ndipo achukue baiskeli. Kibati kimoja kinafanya kazi mbili, kinathibitisha na kinalinda. Hii ya pili ndiyo watu wataipenda zaidi, maana anayenunua huku roho iko nje hununua vichache na kuondoka haraka.

Mlinzi lazima aingizwe katika mpango tangu mwanzo. Umemwongezea kazi, kwa hiyo mwombe mwenye duka naye apate kitu kila wiki, hata chakula cha mchana. Vibati vikianza kulala kwenye kibanda chake, mpango umekufa hata kama kadi zimechapishwa kwa rangi nne.

Usitengeneze programu ya simu. Itataka simu janja, bando na mtu wa kuitunza, na keshia mwenye foleni ya watu sita hatasubiri mtandao.

Kadi za karatasi ziwe na ukubwa wa sentimita 9 kwa 5.5, zinatoka kumi kwenye karatasi moja ya A4. Chagua karatasi nene isiyong'aa, wala usiipake plastiki, kwa sababu wino wa muhuri haushiki juu ya kitu kinachong'aa na utafutika kwa kidole. Muhuri uwe na alama ya kuchonga, si muhuri wa tarehe unaouzwa madukani ambao kila ofisi inao.

Kumwendea

Nenda saa 4 hadi saa 5 asubuhi au saa 8 mchana. Usiende asubuhi ya mikate, usiende mzigo ukishushwa, na kama mwenye duka ni Mwislamu usimwendee Ijumaa adhuhuri. Wawili wanatosha. Kikundi cha wanane mlangoni kinaonekana kama kamati ya mchango wa harusi. Nunua kitu kwanza.

Maneno yawe machache: "Shikamoo mama. Sisi tunaendesha baiskeli hapa mtaani na wengi tunanunua kwako. Ulituruhusu tukahesabu wateja siku tatu. Tumekuletea majibu, na kuna jambo dogo tungependa tulijaribu kwa miezi mitatu." Kisha mpe karatasi, unyamaze asome. Karatasi iwe moja tu: kisio chake juu, hesabu halisi chini yake, na gharama ya juu kabisa. Mnatoa kadi 50. Zote zikijaa, atatoa zawadi za shilingi 60,000, na haziwezi kujaa zote bila yeye kuuza bidhaa za shilingi 2,500,000. Mstari huo ndio unaofunga mazungumzo mara nyingi.

Tarajia pingamizi. Akisema wenye baiskeli ni watu wa mafuta ya kupima, kubali, kisha mwambie anayenunua kwa kupima ndiye anayerudi kila siku. Akiuliza je, wa bodaboda naye akidai? Hakuna anayemkataza kumpa, lakini kadi hii ni ya pedali, na akichanganya mlangoni hapatapitika. Akisema hao wangenunua tu hata bila zawadi, ana haki, na usibishane naye. Baadhi yao ndivyo ilivyo. Mwambie hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu tena mwezi wa tatu: kama wateja wa baiskeli hawakuongezeka na waliopo hawanunui mara nyingi zaidi, mpango ufungwe. Akisema baiskeli zitamzibia mlango, hapo amesema kweli tupu, na jibu lake si maneno ila vyuma.

Vyuma vya kuegeshea

Kama mna fedha za kitu kimoja tu, wekeni hapa. Zawadi bila mahali pa kufungia baiskeli haifiki mbali.

Kiepuke kile chuma cha nafasi nyembamba kinachobana tairi la mbele peke yake. Baiskeli yenye mzigo kwenye karia ikiyumba inapinda rimu na kuvunja spoki, na kufuli linashika gurudumu tu, hivyo mwizi anafungua nati na kuondoka na vilivyobaki. Kinachotakiwa ni bomba lililopindwa kama herufi U iliyogeuzwa juu chini, ili baiskeli iegemee ubavu na kufuli lipite kwenye fremu.

Nunua bomba la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, la inchi moja na nusu, urefu wa mita 6. Kila chuma kinahitaji sentimita 295: miguu miwili ya sentimita 110 na kichwa cha 75. Bomba moja linatoa vyuma viwili na sentimita kumi za kupotea kwenye msumeno. Katika kila mguu, sentimita 30 zinaingia ardhini na 80 zinabaki juu. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke kipande cha nondo cha sentimita 15 kukingama chini ya kila mguu. Bila hicho, bomba linaweza kulegea ndani ya zege, na siku moja utakuta limeng'olewa.

Chimba mashimo ya sentimita 30 kwa 30, kina 35. Kwa vyuma viwili ni mashimo manne, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mwagilia maji kwa siku saba na usiruhusu mtu kufunga baiskeli siku tatu za mwanzo. Weka rangi ya kuzuia kutu hasa penye mchomeleo, maana hapo ile zinki imeshaungua, na Dar, Tanga au Zanzibar chumvi ya hewani itaanzia palepale.

Kati ya chuma na chuma acha mita moja. Wengi huweka nusu mita ili vionekane vingi, kisha usukani unagongana na kila chuma kinabeba baiskeli moja badala ya mbili. Kutoka ukutani hadi mguu wa kwanza acha sentimita 75, gurudumu la mbele lipate pa kuingia. Vyuma viwili ni baiskeli nne, na vinatakiwa kuonekana kutoka kaunta. Vikiwekwa nyuma ya jengo hakuna atakayevitumia.

Eneo likiwa la duka, ruhusa ni ya mwenye nyumba, ambaye mara nyingi si mwenye duka. Likiwa hifadhi ya barabara, anza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu, kama barabara ni kuu. Usichimbe kabla ya karatasi. Vyuma vikiondolewa kwa amri, mwenye duka ndiye atakayeaibika.

Vitu vidogo vinavyosaidia: pampu iliyofungwa kwa mnyororo, yenye kichwa kinachoshika vali nyembamba na nene, na vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia mzigo kwenye karia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko iliyopo ikining'inizwa kwenye usukani huingia kwenye spoki au huchanika njiani. Boksi tupu na kipande cha tyubu huokoa mayai.

Kuanza, na yanayoharibika

Usianze wakati wa masika. Baiskeli hupungua, kadi zinalowa, na mwenye duka atahitimisha kwamba wateja hao hawapo. Pwani, tarehe nzuri ni 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mvua zimekwisha na una miezi mitatu mikavu mbele. Weka kibao kimoja usawa wa macho: "Umekuja kwa baiskeli? Uliza kadi."

Wiki ya kwanza pitia kila siku, lakini kama mteja. Kinachoharibika mapema ni zamu: keshia wa asubuhi ameelezwa, wa jioni hajui, na mteja aliyekataliwa mara moja mbele ya watu haombi tena. Bandika maelezo ya mistari mitatu upande wa ndani wa kaunta. Cha pili ni zawadi kuisha. Aliyejaza kadi akiambiwa arudi kesho atawasimulia wenzake wote, kwa hiyo zawadi ziwekwe pembeni kwenye boksi lake zikiwa zimehesabiwa.

Baada ya wiki nne hesabu kadi zilizotoka, mihuri iliyopigwa na zawadi zilizochukuliwa. Kadi nyingi zenye muhuri mmoja tu zinaonyesha kiwango cha manunuzi kiko juu. Kadi zinazojaa kwa siku kumi mfululizo zinaonyesha kuna mtu anapigiwa kwa urafiki, na hilo mwambie mwenye duka faraghani, si mbele ya keshia.

Mwezi wa tatu rudia hesabu ya mlangoni, siku zilezile na saa zilezile, umpelekee karatasi moja kama ya kwanza. Akiendelea, muombe akutambulishe kwa mwenye duka jirani, maana sauti yake huko inazidi yako. Akiacha, mshukuru, walipeni zawadi wote ambao kadi zao zimebakiza mihuri miwili, na kibao mkishushe siku hiyohiyo. Vyuma viacheni palepale.